Mzizi Mmoja wa Hukumu na Hekima

*Kwa nini kamusi ya Kiarabu huweka hukumu, hekima na mahakama mahali pamoja? — Mwanafunzi, Tanga*

Msomaji asihofu kwamba amekosea, kwani maneno hayo yametokana na mzizi ḥ-k-m, yaani konsonanti tatu ambazo wanakamusi wa kale walizihusisha na maana ya kuzuia: ḥakama ni sehemu ya hatamu inayomzuia farasi, ḥukm ni uamuzi unaozuia dhuluma, na ḥikma ni maarifa yanayomkinga mtu na ujinga. Atafutapo neno, aondoe kwanza viambishi, kama ma- ya maḥkama, ndipo autafute mzizi. Katika kamusi ya Lisān al-ʿArab ya Ibn Manẓūr, aanze na herufi ya mwisho ya mzizi, mīm. Mzizi ukiwa na wāw au yāʾ, herufi zinazobadilika au kudondoka, ni vyema amwulize mwalimu.