Kufundisha Jambo Lisiloonekana: Kamba ya Sumaku Itokayo Juani

Mwalimu anayefundisha habari za Jua hushawishika kuchora ubaoni mpira wa moto unaorushwa kuelekea Dunia. Picha hiyo ni rahisi, lakini inapotosha. Na kosa linaloingia akilini mwa mtoto kwa chaki ya mwalimu ni gumu kufutika.

Kwanza tuujue ukweli wenyewe. Mlipuko mkubwa wa Jua hutupa angani gesi yenye chembe za umeme, na pamoja nayo uga wa sumaku. Mwaka 1981 Leonard Burlaga na wenzake, kwa kutumia vipimo vya vyombo vya angani, vikiwemo Voyager na Helios, walieleza kwamba uga huo waweza kuwa na umbo maalumu. Umesokotwa kama kamba: katikati, mistari ya nguvu hufuata urefu wa kamba, kandokando, huizunguka. Ufikapo kwetu, upana wake ni kama robo ya umbali uliopo baina ya Jua na Dunia, nao huchukua takriban siku nzima kupita.

Zana zetu ni bua la mtama, uzi, na sumaku mbili zilizonyooka.

Hatua ya kwanza: Bua lilazwe, wanafunzi walizungushie uzi. Watagundua wenyewe kwamba uzi ukipanda upande wa mbele, hushuka upande wa nyuma. Ndiyo sababu wingu moja laweza kuanza na uga uelekeao kaskazini na kuishia na uelekeao kusini.

Hatua ya pili: Sumaku zilazwe ubavu kwa ubavu. Ncha zao zikielekea upande mmoja, husukumana. Zikielekea pande tofauti, huvutana. Kwa mfano huo, uga ufikao ukielekea kusini, kinyume cha ule wa Dunia, huungana nao na kuingiza nishati nyingi. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku iliyotokana na Jua ilikata umeme Quebec, Kanada, kwa saa zipatazo 9. Watu kama milioni 6 walikosa umeme.

Hatua ya tatu: Tuwaulize wanafunzi mfano wetu unapungukiwa wapi. Bua ni gumu, lakini wingu hupanuka likisafiri. Bua limenyooka, lakini kamba halisi imepinda, na mara nyingi miguu yake ingali imeshikamana na Jua.

Hatua hii tusiiache hata kengele ikikaribia kulia. Mwalimu asiyetaja upungufu wa mfano wake amefundisha bua, Jua hajalifundisha.