Somo la Sita: Kununua na Kukarabati Kijiko cha Kuvutwa Kilichotumika

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kukagua mtambo mdogo wa kuchimba unaovutwa na gari, kukadiria gharama ya kuukarabati, na kuamua kama bei anayotajiwa inastahili kulipwa. Katika somo hili mtambo huo tutauita kijiko cha kuvutwa.

Kijiko cha kuvutwa ni tela lenye magurudumu mawili lililobeba injini ndogo, pampu ya haidroliki, mkono wa kuchimbia wenye ndoo, na miguu ya kuegemea. Kwa kawaida injini yake haizungushi magurudumu. Kikishafunguliwa kwenye gari, mwendeshaji hukisogeza kwa kuchomeka ndoo ardhini na kukivuta. Mitambo ya aina hii ilitengenezwa hasa kwa wenye mashamba na wajenzi wadogo wa nchi kama Marekani na Uingereza. Inayofika kwetu huwa imekwisha kutumika, na mara nyingi kitabu chake cha maelekezo kimepotea.

Ni rahisi kuelewa kwa nini huwavutia wajenzi na vikundi vya ushirika. Mtambo mmoja wa namna hii huchimba mashimo ya vyoo, misingi na mitaro ya mabomba, na huvutwa na pikapu. Lakini muuzaji naye anafahamu kwamba mnunuzi huangalia mambo mawili kwanza: rangi, na kama injini inawaka. Injini ndogo ya petroli ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote kutengeneza au kubadilisha. Gharama kubwa, pamoja na hatari kubwa, zimo katika sehemu tatu nyingine: chuma, presha ya haidroliki, na kiungo cha kuvutia. Tunashauri ukaguzi na fedha za ukarabati vifuate mpangilio huo, na rangi iwe ya mwisho.

1. Chuma: nyufa, pini na bushi

Anza pale mkono unapoungana na fremu, kisha fuata kila mahali palipochomelewa hadi kwenye ndoo. Ondoa grisi na udongo kwa brashi ya waya. Ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu unaotoka pembeni mwa mshono. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ya mkono ni sababu ya kuuliza swali, kwa kuwa huenda inafunika mshono uliorudiwa.

Ufa si lazima uwe sababu ya kuuacha mtambo, lakini una namna yake ya kutengenezwa. Fundi hutafuta ncha zake, hutoboa tundu dogo kila penye ncha ili usiendelee kukua, huusaga mpaka kwenye chuma kizima, ndipo huchomelea kwa vijiti vinavyofaa vilivyotunzwa pakavu. Kubandika bamba juu ya ufa bila kuusaga ni kuuficha tu: ufa utaendelea kukua chini ya bamba.

Baada ya hapo kagua pini na bushi. Ndoo ikiwa chini na injini imezimwa, sukuma mkono kushoto na kulia. Kulegea kidogo kwenye bushi huwa kukubwa kwenye ndoo. Tuchukue mfano: bushi ina urefu wa milimita 60, na pini imelegea kwa milimita 1. Ikiwa ndoo iko umbali wa mita 3 kutoka hapo, itayumba kwa takriban milimita 50, yaani sentimita 5. Kwa hiyo ndoo inayoyumba sana haimaanishi kwamba kila kiungo kimekufa. Mara nyingine pini moja na bushi zake ndizo zenye tatizo.

Jambo la kuamua gharama ni hili: je, iliyolika ni bushi, au ni tundu linaloishikilia? Bushi hubadilishwa. Tundu la fremu likiwa limepanuka na kuwa la umbo la yai, litahitaji kujazwa chuma na kukerezwa upya kwa mashine, na hiyo ni kazi ya karakana. Usikubali pini iliyokatwa kutoka kwenye nondo au bolti ya kawaida. Pini halisi ni ya chuma kigumu, na ya kubahatisha hupinda au kukatika mkono ukiwa na mzigo.

2. Presha: jinsi ya kuupima mtambo ukiwa umepata joto

Katika haidroliki, presha ndiyo inayoleta nguvu, na wingi wa mafuta yanayosukumwa na pampu ndio unaoleta kasi. Kanuni hii humsaidia mnunuzi kutofautisha magonjwa mawili. Mkono unaoinuka taratibu huashiria kwamba mafuta hayatoshi, ama kwa sababu pampu imelika au kwa sababu filta imeziba. Mkono unaokwenda vizuri ukiwa mtupu lakini ukashindwa unapochimba huashiria presha ndogo.

Pampu iliyolika hufanya kazi vizuri mafuta yakiwa baridi na mazito, kisha hudhoofika yakipata joto na kuwa mepesi. Kwa hiyo jaribio la dakika tano halitoshi. Omba mtambo uchimbe kwa nusu saa, kisha linganisha kasi yake na ile ya mwanzo.

Ukishapata joto, fanya jaribio la kushuka. Inua mkono, zima injini, weka alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda, na usubiri dakika kumi ukiwa mbali na mtambo. Alama ikisogea, mafuta yanavuja ndani. Chanzo kinaweza kuwa sili za silinda au vali ya kuendeshea, na gharama za vitu hivyo viwili hazilingani. Fundi athibitishe chanzo kabla ya kununua vipuri. Kagua pia fimbo zenyewe: kromu iliyobanduka au kuwa na vishimo vya kutu itakata sili mpya ndani ya muda mfupi.

Mafuta nayo hutoa ushahidi. Yakiwa na rangi ya maziwa, yameingiwa na maji. Yakinuka kama yaliyoungua, mtambo umefanya kazi kwa joto kali. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa.

Kuna udanganyifu mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuufahamu. Mtambo dhaifu unaweza kuonekana una nguvu kwa kukaza vali inayozuia presha isipite kiwango. Tuseme silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 75. Kwa presha ya baa 150 husukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani 6 na nusu. Vali ikikazwa hadi baa 200, nguvu hiyo hufika takriban tani 9, yaani ongezeko la theluthi moja. Pini, mishono na mipira ya haidroliki vilivyotengenezwa kwa kipimo cha kwanza sasa vinabeba kipimo cha pili. Ndiyo maana presha ipimwe kwa geji na kulinganishwa na kiwango cha mtengenezaji, badala ya kuaminiwa kwa jicho.

Mipira ya haidroliki ibadilishwe ikiwa imepasuka juu, imevimba, au waya wake wa ndani unaonekana. Mipya iwe na maandishi ya kiwango na presha ya kufanyia kazi. Mingi huandikwa pia robo ya mwaka na mwaka iliyotengenezwa. Mpira wa maji au wa hewa haufai hapa, hata kama kipenyo chake kinalingana.

3. Usalama wakati wa matengenezo

Tahadhari tatu zifuatazo hazina mbadala.

Kwanza, usitafute mahali panapovuja kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo na pengine halina maumivu makali mwanzoni, lakini mafuta huharibu nyama ndani, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Tumia kipande cha boksi au ubao. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri uvimbe, na daktari aelezwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yenye presha.

Pili, kabla ya kulegeza mpira wowote, shusha ndoo hadi ardhini, zima injini, kisha sukuma kila leva huku na huku ili presha iliyobaki itoke.

Tatu, mtu yeyote asiingie chini ya mkono ulioshikiliwa na haidroliki peke yake. Mkono ukilazimika kuinuliwa, uwekewe nguzo imara. Vivyo hivyo, tangi la petroli liondolewe kabla ya kuchomelea karibu nalo, na tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe likiwa halijasafishwa na kuondolewa mvuke.

4. Kuvuta barabarani

Mtambo unaochimba vizuri unaweza kuua barabarani. Angalia kwanza kichwa cha tela na tufe la kwenye gari. Kipimo cha kawaida cha Uingereza ni milimita 50, ilhali Marekani hutumia vipimo kadhaa, vikiwemo inchi 2 na inchi 1 na 7/8. Kichwa cha inchi 2 kikifungwa kwenye tufe la inchi 1 na 7/8 kinaweza kuonekana kimeshika, kisha kikachomoka gari linapopita kwenye tuta. Soma namba iliyochongwa kwenye vifaa vyote viwili. Minyororo ya usalama iwepo, na ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungo.

Soma umri wa tairi. Tairi nyingi zina tarakimu nne za wiki na mwaka: 3509 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2009. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekauka na kupasuka pembeni kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Inua kila gurudumu, litikise na ulizungushe. Likicheza au kukwaruza, beringi zifunguliwe, zikaguliwe na kutiwa grisi mpya.

Wakati wa safari, mkono ufungwe kwa pini au mnyororo wake. Haidroliki si kufuli. Hakikisha taa za nyuma zinafanya kazi, na uulize kuhusu usajili wa tela kabla ya kulipeleka barabarani.

5. Hesabu kabla ya kulipa

Tumia hesabu hii: bei ya mtambo kama huo ulio mzima, toa gharama ya matengenezo, toa akiba ya mambo yatakayogunduliwa mtambo ukifunguliwa. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kulipa.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Mtambo mzima unauzwa shilingi milioni 14. Fundi amekadiria matengenezo ya milioni 5. Weka akiba ya milioni 1 na nusu. Mnunuzi asivuke milioni 7 na nusu. Muuzaji akidai milioni 10, mtambo huo, hata ukipakwa rangi nzuri kiasi gani, utamgharimu mnunuzi kuliko ulio mzima.

6. Makubaliano na haki zako

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ana wajibu mpana zaidi kuhusu ubora kuliko mtu binafsi anayeuza mali yake. Hata hivyo, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kwa kawaida kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa haraka humwumiza mnunuzi mara mbili: hauoni kasoro, na unadhoofisha madai yake. Kagua kikamilifu, au andika ni sehemu zipi hazikufunguliwa. Maelezo ya muuzaji, kama vile "pampu ni mpya", yaandikwe kwenye hati ya mauzo, na risiti idaiwe. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha.

Kwa upande wa fundi, tunapendekeza makubaliano ya maandishi yenye mambo haya: orodha ya kasoro, nani ananunua vipuri, malipo kwa hatua, tarehe ya kumaliza, na muda wa dhamana. Vipuri vya zamani virudishwe kwa mwenye mtambo. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio la nusu saa na kipimo cha geji. Makubaliano ya namna hii humlinda fundi pia, kwa kuwa hatalaumiwa kwa kasoro ambayo hakupewa kazi ya kuitengeneza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini jaribio la dakika tano halitoshi kupima pampu?
2. Muuzaji amekaza vali ya presha. Ni sehemu zipi zitaumia kwanza?
3. Mtambo mzima ni milioni 12, matengenezo ni milioni 4, akiba ni milioni 1. Je, ungelipa milioni 8?
4. Mwenzako amechomwa na mafuta kidoleni na anasema haumwi. Utafanya nini?

Ambaye hawezi kujibu swali la nne bila kusita asifungue mpira wowote wa haidroliki. Kazi hiyo amwachie fundi mwenye ujuzi.