SOMO LA FAMILIA: NYUMBA TULIKOLELEWA NA NYUMBA TUNAMOLEA

Masomo: Mwanzo 37:1-11, 41:50-52, 44:18-34, 45:1-8

 

Tulipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wengine tulikuwa vijana, wengine walikuwa bado migongoni mwa mama zao. Wengine wamevuka miaka ya baadaye. Tulibeba sufuria, blanketi na pengine Biblia moja. Lakini kila mmoja wetu alibeba pia nyumba ya utoto wake. Jinsi baba alivyokasirika, jinsi mama alivyoomba, maneno yaliyosemwa jioni kando ya moto: hayo yote yalivuka pamoja nasi, na leo yanakaa katika nyumba zetu hapa kambini. Ndiyo maana wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tujifunze kwa Yusufu, kijana aliyetolewa kwao kwa nguvu akiwa na umri wa miaka 17.

1. Nyumba hufundisha hata wakati wazazi hawafundishi

Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo (Mwanzo 25:28). Yakobo aliona jinsi upendeleo ulivyovunja nyumba ya baba yake. Alikimbia, akakaa kwa Labani miaka 20. Je, alijifunza? Alipopata watoto wake, alimpenda Yusufu kuliko wote na kumshonea kanzu ya pekee.

Tena tazameni hili. Yakobo alimdanganya baba yake kwa mavazi ya kaka yake na ngozi za wana-mbuzi (Mwanzo 27:15-16). Miaka mingi baadaye, wanawe walimdanganya yeye kwa kanzu ya ndugu yao na damu ya mbuzi (Mwanzo 37:31-33). Hakuna mahali tunaposoma kwamba Yakobo aliwaketisha wanawe akawafundisha kudanganya. Lakini jambo ambalo mzazi hajalitubu, mara nyingi mtoto hulirithi.

Wapendwa, na sisi tuseme ukweli. Baba yetu alikuwa mvuvi na mtu wa maombi, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini alipokasirika alinyamaza siku tatu, siku nne, na sisi watoto tulitembea polepole kama wezi katika nyumba yetu wenyewe. Mwaka 2023, mgao wa chakula ulipopunguzwa, tuliingiwa na uchungu, nasi tukanyamaza vile vile. Siku ya tatu mtoto wetu wa miaka 9 alimwuliza mama yake jikoni, "Baba amenikasirikia mimi?" Tulilisikia swali lile kutoka nje. Lilikuwa swali letu la zamani, katika kinywa cha mtoto wetu. Siku ile mchungaji alihubiriwa na mtoto.

2. Kwenda mbali si kupona

Yusufu alipata mwanawe wa kwanza Misri, akamwita Manase, maana alisema Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Lakini ndugu zake walipofika kununua nafaka, alijitenga akalia. Akalia tena mara ya pili na ya tatu. Kumbe hakuwa amesahau! Swali lake la kwanza baada ya kujitambulisha lilihusu baba yake, kama angali hai.

Wako kati yetu wanaosema, "Mambo ya nyumbani nimeyasahau," lakini usiku wanapiga kelele usingizini, au mkono unamwangukia mtoto kwa kosa dogo. Ndugu, kulia si kukosa imani. Yusufu alilia akiwa mtawala. Tafuta mzee wa kanisa au mama mwenye hekima, umweleze. Jeraha lililofunikwa halikauki.

Pia tusisahau mema. Yusufu aliikataa dhambi kwa mke wa Potifa kwa sababu alimcha Mungu, na huyo ndiye Mungu wa baba zake. Wanawe walizaliwa ugenini na mama Mmisri, Asenathi, lakini aliwapa majina ya lugha ya kwao. Kama mama yako alikufundisha kuomba kabla ya kula sombe na ndagala, hiyo ni mali ambayo vita havikuweza kuchoma.

3. Urithi mbaya unaweza kukomeshwa

Katika Mwanzo 43:34 Benyamini anapewa sehemu mara tano kuliko ndugu zake. Upendeleo ule ule wa zamani umerudi mezani. Je, watamchukia kama walivyomchukia Yusufu? Hapana. Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, sasa anaomba awe mtumwa mahali pa mdogo wake. Baba yao hakubadilika, lakini Yuda alibadilika. Naye Yusufu hakulipa kisasi, aliwasamehe na kuwalisha.

Basi hakuna awezaye kusema, "Ndivyo nilivyolelewa, siwezi kuwa mtu mwingine." Katika Kristo tumepewa Baba asiye na upendeleo, nasi tunajifunza upya kuwa watoto, kisha kuwa wazazi.

4. Kambi hii ndiyo utoto wa watoto wetu

Wengine tunasema, "Tutalea vizuri tukirudi kwetu." Lakini mtoto hangoji. Nyumba hii ya matofali ya udongo na turubai ndiyo atakayoikumbuka akiwa na miaka 40. Atakumbuka nini? Tujihadhari hasa na maneno tunayosema juu ya makabila mengine. Mtoto aliyezaliwa hapa hakuiona vita yetu. Akiichukia kabila ya jirani yake, ameipata chuki hiyo kwetu, kando ya moto wetu. Tukimrithisha hiyo, tumempa vita tuliyoikimbia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

- Ni jambo gani jema ulilopokea katika nyumba ya wazazi wako? Wasimulie watoto leo.
- Ni jambo gani ungependa likome kwako, lisifike kwa watoto?
- Je, kuna mtoto unayempenda kuliko wengine, au unayemlea wa ndugu yako naye anakula mwisho?
- Wazazi, kuna mtoto mnayepaswa kumwomba msamaha? Sisi tulifanya hivyo, na heshima yetu haikupungua.

Tuombe: Ee Baba, ponya nyumba tulikotoka, tawala nyumba tulimo. Yaliyo mabaya yaishie kwetu, yaliyo mema yafike kwa watoto wa watoto wetu. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki.