Mafunzo Niliyopata Katika Korti ya Trafiki

Mdogo wangu huendesha kanta ya mboga kutoka Kinangop hadi Nairobi. Trafiki walimpima akienda kilomita 74 kwa saa katikati ya kituo cha biashara, mahali ambapo sheria ya Kenya inaruhusu 50. Alilipa dhamana, akapewa tarehe ya korti, kisha akanipigia: "Dada, kuna mtu unayemjua huko?" Sikumtafutia mtu. Nilifuatana naye.

1. Soma karatasi yako yote. Tulikaa mezani tukaangalia jina, kitambulisho, namba ya gari, kosa, korti na tarehe. Yeye alikuwa ameona tarehe peke yake, akidhani kesi iko korti ya karibu na kwetu, kumbe iko mahali aliposhikwa. Risiti ya dhamana tuliipiga picha na kuiweka pamoja na leseni. Asiyefika siku yake hutolewa hati ya kukamatwa, na dhamana yake inaweza kupotea.

2. Pesa hulipwa kwa risiti. Nje ya lango tulikuta jamaa nadhifu, faili kwapani, aliyemwambia mdogo wangu kwamba akimtolea kitu kidogo, jina lake halitaitwa. Watu walikuwa wakimpa kweli, na iliniuma, kwa sababu waliompa ndio waliokuwa na kidogo zaidi. Ndani, karani wa dirishani alituonyesha chumba cha kesi na namba ya faili bila malipo yoyote. Faini ya korti hulipwa kwa njia rasmi na unapewa risiti. Anayetaka uitume kwa simu yake mwenyewe, achana naye.

3. Sikiliza shtaka hadi mwisho ndipo ujibu. Hili ndilo ningependa kila dereva alijue. Mzee mmoja aliyetangulia alisema "ni kweli" kabla karani hajamaliza kusoma, kisha akaongeza: "lakini gari halikuwa langu, na si mimi niliyeendesha." Hakimu aliweka kalamu chini, akaagiza shtaka lisomwe upya polepole kwa Kikuyu, halafu akaandika kwamba mzee amekana. Hakuwa akimfanyia hisani. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, korti zetu zinatakiwa kumsomea mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, kuandika jibu lake karibu kama alivyolisema, kumsomea maelezo ya kosa, na kumuuliza kama anayakubali. Akileta jambo linalopingana na kukiri kwake, ameshakana. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 50, inampa mkalimani bila malipo.

4. Kukana ni haki, ila uwe na cha kukana. Sheria haikubali uhukumiwe kwa kosa la kasi kwa sababu tu shahidi mmoja anaonelea ulikuwa mbio. Ndiyo maana kipimo cha mashine kina uzito. Sisi tulionyeshwa picha: namba ya gari, saa, na 74. Mdogo wangu aliitazama, akakiri.

5. Ukiulizwa una la kusema, sema machache yaliyo ya kweli. Mdogo wangu alisema: "Mheshimiwa, ni kosa langu la kwanza, nina watoto wawili, naomba korti inihurumie." Aliomba pia faini ikatwe kwenye dhamana yake, ikakubaliwa.

6. Zungumza na wanaokuharakisha. Kutoka 50 hadi 74, nguvu ya mgongano huzidi mara mbili, na kituo kile kina shule ng'ambo ya barabara. Najua watoto wanaovuka pale. Lakini najua pia kwamba mfanyabiashara anayemlipa mdogo wangu humkata pesa kabichi zikifika sokoni kumekucha, na siku ile kizimbani hakuwepo. Tukiwa barazani pa korti nilimwambia ampigie. Walivutana kwa muda. Mwishowe mwenye mzigo alikubali kanta ipakiwe alasiri badala ya usiku, na makato ya kuchelewa yaondolewe. Nilimwambia mdogo wangu amwombe ayaandike hayo kwa ujumbe wa simu, naye akatuma.