Mkasi Ung'aao

Mbagala iko upande wa kusini wa Dar es Salaam, katika njia iendayo Kilwa. Hapo Rangi Tatu pana hospitali, na wanawake wengi huenda huko kujifungua. Mtoto akiisha kuzaliwa, kitovu chake hukatwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini uhai wa mtoto umo ndani yake.

Tazameni mkasi ung'aao. Kwa macho ni safi. Lakini huenda juu yake pana vidudu viitwavyo bakteria, visivyoonekana ila kwa darubini. Kimoja cha vidudu hivyo huleta pepopunda. Hukaa udongoni, kimejifungia katika ganda gumu mfano wa mbegu. Kikiingia kitovuni, mtoto hushindwa kunyonya, mwili wake hukakamaa, na mara nyingi hufa.

Waganga wa zamani hawakujua jambo hili. Mwaka 1867 Joseph Lister, daktari wa Glasgow, alitangaza kwamba dawa ya kaboliki huzuia majeraha yasioze. Mwaka 1881 Mjerumani Robert Koch aliijaribu dawa hiyo, akaona kwamba haiziui mbegu za bakteria kwa urahisi. Akaona pia kwamba mvuke wa maji huziua vizuri kuliko hewa kavu yenye moto. Koch huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akachunguza malaria.

Basi mkasi husafishwaje? Kwanza, mwenye kazi huvaa glavu, akausugua kwa brashi katika maji ya sabuni, hasa penye kiungo. Maana damu iliyoganda huwaficha adui, wasifikiwe na mvuke wala dawa. Pili, huusuuza na kuukausha. Tatu, huufunga katika kitambaa, akautia katika chombo cha mvuke kilichofungwa imara. Maji ya sufuriani huchemka kwa digrii 100, nazo mbegu za pepopunda huweza kuvumilia joto hilo. Lakini mvuke uliobanwa hufika digrii 121, na katika dakika 30 hakuna kidudu kisaliacho. Mwisho, bahasha huachwa ikauke kabisa, kwa sababu kitambaa kilicholowa hupitisha vidudu.

Kitanda na meza haviwezi kutiwa chomboni. Hivyo huoshwa kwa sabuni, kisha hupanguswa kwa dawa ya klorini. Nayo mikono ya mkunga yataka kuoshwa kila mara. Maana mkono mchafu huharibu kazi yote kwa kugusa mara moja.

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mama aondokaye Rangi Tatu na mtoto mzima hamwoni yule aliyesugua mkasi. Lakini kazi yake ameibeba mikononi.

Maswali
1. Kwa nini mkasi ung'aao waweza kuleta ugonjwa?
2. Kwa nini huoshwa kabla ya kutiwa katika mvuke?
3. Mvuke uliobanwa wapitaje maji yachemkayo?