Kuungwa kwa Neva za Kidole na Kurudi kwa Hisi

Katika vijiji vya Tumati, wilayani Mbulu, mundu na panga ni zana za kila siku, na kidole kilichokatwa si jambo geni. Jeraha likikauka, watu husema mkono umepona. Lakini kufunga kwa ngozi si dalili kwamba neva imeunganika.

Kila kidole kina neva mbili kuu upande wa kiganja, moja kila ubavu. Ndani yake mna nyuzi zinazochukua habari za maumivu, joto na mguso kuelekea ubongoni. Neva ikikatika, sehemu ya nyuzi iliyo ng'ambo ya jeraha hufa, kama alivyoeleza Augustus Waller wa Uingereza mwaka 1850. Hata hivyo, maganda yake hubaki kama mabomba matupu, na nyuzi mpya huota kutoka upande ulio hai zikiyafuata. Ncha zikiachana, nyuzi hupotea njia na huweza kufanya fundo lenye maumivu.

Kazi ya mpasuaji ni kuzikutanisha ncha hizo. Akitazama kwa hadubini, hushona ganda la nje la neva kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Pengo likiwa kubwa, huweza kupandikiza kipande cha neva kutoka mahali pengine mwilini.

Baada ya hapo yahitajika subira. Nyuzi huota kadiri ya milimita 1 kwa siku, baada ya majuma machache ya mwanzo. Kwa kawaida hisi ya maumivu hutangulia, ya mguso hufuata, na uwezo wa kutambua vitu kwa kupapasa huja mwisho. Kwa watu wazima ni nadra urudi kamili. Wakati huo wote kidole chaweza kuungua jikoni bila mwenyewe kujua.

Kidole kikikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Kisha gusa taratibu kila ubavu wa ncha ya kidole. Ikiwa ubavu mmoja hauhisi, majeruhi aende hospitali mapema, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa wilayani mwaka 1955, na aeleze hayo kabla ya kudungwa sindano ya ganzi. Baada ya sindano, ganzi ya jeraha haitofautiki na ya dawa.

Jaribio na maswali

1. Pinda waya uwe na ncha mbili butu zilizoachana milimita 5. Mwenzako akiwa amefumba macho, mguse kwenye ncha ya kidole, kisha mgongoni. Ni wapi anapotambua ncha mbili? Kwa nini?
2. Jeraha liko sentimita 7 kutoka ncha ya kidole. Nyuzi zikishaanza kuota, zitafika baada ya siku ngapi?