Somo la Saba: Kadi ya Michoro ya Nje kwa Kompyuta Mpakato ya Zamani

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kueleza namna kadi ya michoro ya nje inavyofanya kazi, kutambua iwapo kompyuta yake inaweza kuipokea, kukokotoa gharama kamili kabla ya kutoa fedha, na kujilinda dhidi ya kadi bandia na hatari za umeme.

Utangulizi

Kijana aliyemaliza chuo anamiliki kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imetumika. Kwa kuandika barua na kutazama filamu, kompyuta hiyo inamtosha. Anapojaribu kucheza mchezo wa mpira au wa mbio za magari, picha hukwamakwama na feni hulia kwa nguvu. Anafika dukani, anaambiwa: “Usinunue kompyuta nyingine. Nunua kadi ya nje, uchomeke, ucheze.”

Kauli hiyo si uongo, lakini si ukweli wote. Kazi hiyo inawezekana, na wapo wengi walioifanya wakaridhika. Wapo pia walionunua kadi nzuri wakaifikisha nyumbani na kukuta kompyuta haina pa kuichomeka. Tofauti baina ya makundi haya mawili ni maswali yaliyoulizwa kabla ya malipo.

1. Kadi ya michoro na kazi yake

Kila kompyuta ina sehemu inayokokotoa picha zinazoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta mpakato nyingi za ofisini, sehemu hiyo imejengwa ndani ya prosesa na hutumia kumbukumbu ya RAM ileile inayotumiwa na programu nyingine. Kadi ya michoro inayojitegemea ina prosesa yake, kumbukumbu yake na feni zake, na ndiyo maana huweza kuchora picha nzito mara nyingi katika sekunde moja.

Kadi za namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Ili kadi itumike na kompyuta mpakato, vinahitajika vitu vitatu: njia ya kupitishia data, kiunganishi au kasha la kushikilia kadi, na pawasaplai ya kuipa kadi umeme wake. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, viwili vilivyobaki havina faida.

2. Njia za kuunganisha

Njia ya kwanza ni Thunderbolt 3 au 4. Thunderbolt 3 ilitangazwa mwaka 2015 na ina kasi ya hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Hutumia tundu dogo la mviringo linaloitwa USB-C. Hapa ndipo walaji wengi hukosea, kwa kuwa si kila tundu la USB-C lina Thunderbolt. Umbo ni moja, uwezo ni tofauti. Kwa kawaida, tundu lenye Thunderbolt huwekewa alama ya radi pembeni yake. Hata hivyo, usitegemee alama peke yake. Soma maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli yako kamili.

Njia ya pili ni tundu la M.2 ambalo kwa kawaida hubeba diski ya SSD ya aina ya NVMe. Viunganishi vya bei nafuu huchomekwa hapo baada ya kufungua mfuniko wa chini. Kasi yake inaweza kufikia takriban gigabaiti 4 kwa sekunde. Kasoro yake ni kwamba diski hupoteza nafasi yake, hivyo kompyuta yenye tundu moja tu itahitaji sehemu nyingine ya kuwekea mfumo endeshi.

Njia ya tatu ni tundu la ExpressCard, lililokuwapo kwenye kompyuta nyingi za ofisini za miaka ya nyuma. ThinkPad T430 ya mwaka 2012 ni mfano mmojawapo. Njia hii hupitisha takriban megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali kadi hiyohiyo ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani huweza kupewa njia ya takriban gigabaiti 16 kwa sekunde. Ni sawa na kuyapitisha magari ya barabara kuu kwenye kichochoro.

Njia ya nne ni tundu la ndani la mini PCIe, ambalo hubeba kadi ya Wi-Fi. Nalo ni finyu kama ExpressCard. Aidha, baadhi ya watengenezaji waliiwekea BIOS orodha ya kadi zinazokubaliwa katika tundu hilo, na kifaa kisichokuwamo hukataliwa.

Kompyuta isiyo na njia hata moja kati ya hizi kwa kawaida haiwezi kupokea kadi ya nje kwa ajili ya michezo. Tundu la kawaida la USB si mbadala. Vifaa vya USB vya kuongeza skrini vinavyouzwa madukani huongeza mahali pa kuonyeshea picha, lakini haviongezi nguvu ya kuzichora.

3. Kwa nini kadi haitoi nguvu yake yote

Mlaji aelewe tangu mwanzo kuwa kadi iliyounganishwa kwa nje hufanya kazi chini ya uwezo wake. Sababu kubwa ni nne.

Kwanza, njia ni finyu, kama ilivyoelezwa. Kununua kadi ya bei kubwa kwa ajili ya tundu la ExpressCard ni kulipia nguvu ambayo haitapita.

Pili, ni skrini. Ukitumia skrini ya kompyuta mpakato yenyewe, picha zilizokwisha kuchorwa na kadi hurudi kwa njia ileile zilikotoka data, na msongamano huongezeka. Ukichomeka skrini ya nje moja kwa moja kwenye kadi, msongamano huo hupungua. Kwa hiyo skrini ya nje ihesabiwe kuwa sehemu ya bajeti.

Tatu, ni prosesa. Kadi huchora, lakini mwendo wa wachezaji, sheria za mchezo na hesabu nyingine hufanywa na prosesa ya kompyuta. Prosesa dhaifu haitaponywa na kadi yenye nguvu.

Nne, ni kumbukumbu ya RAM. Michezo mingi ya sasa hutaka gigabaiti 8 au 16. Kompyuta yenye gigabaiti 4 itakwama hata ikiwa na kadi bora.

Kwa sababu hizo, chagua mchezo kwanza, kisha kifaa. Soma mahitaji ya chini na yale yanayopendekezwa na watengenezaji wa mchezo, uyalinganishe na prosesa na RAM uliyo nayo. Iwapo prosesa yako iko chini ya kiwango cha chini, simama hapo. Fedha yako isiende kwenye kadi.

4. Hesabu kamili

Bei zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kujifunza namna ya kukokotoa. Kijana wetu ameambiwa kadi iliyotumika ni shilingi 350,000, naye anadhani hiyo ndiyo gharama. Anapoandika kila kitu kwenye karatasi, anapata orodha hii:

Kadi ya michoro: 350,000
Kiunganishi: 120,000
Pawasaplai: 100,000
Skrini ya nje iliyotumika: 180,000
Nyongeza ya RAM: 60,000
Jumla: 810,000

Gharama imezidi maradufu ya bei aliyotajiwa. Hata hivyo, asikate tamaa. Aigawe orodha hiyo katika mafungu mawili. Kadi, pawasaplai na skrini, vyenye jumla ya 630,000, vinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta ya mezani siku yoyote. Kiunganishi na RAM ya kompyuta mpakato, vyenye jumla ya 180,000, haviwezi. Swali la msingi basi si “Je, nitoe 810,000?” bali ni “Je, hizi 180,000, pamoja na nyongeza kidogo, haziwezi kuninunulia kompyuta ya mezani iliyotumika itakayoipa kadi njia pana?” Jibu likiwa ndiyo, na iwapo huhitaji kusafiri na kompyuta hiyo, njia ya pili ina manufaa zaidi.

Usisahau umeme. Kadi inayotumia wati 120, ikichezewa saa tatu kila siku kwa siku 30, hutumia takriban uniti 10.8 za LUKU, bila kuhesabu kompyuta na skrini. Familia inayochangia mita moja inapaswa kukubaliana kuhusu jambo hili mapema.

5. Usalama

Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye alama 115 na 230. Umeme wa nchini mwetu ni wa volti 230. Pawasaplai iliyoagizwa kutoka nchi zenye umeme wa volti 115 inaweza kuwa imewekwa upande wa 115, na ikichomekwa hivyo huungua na huweza kusababisha moto. Kagua swichi hiyo kabla ya kuchomeka. Kama pawasaplai haina swichi, soma lebo yake uone kama inakubali volti 230.

Hakikisha pia mambo yafuatayo:

(a) Pawasaplai ina uwezo unaozidi mahitaji ya kadi, na ina waya za kuipa kadi umeme zisizohitaji kuungwaungwa.
(b) Plagi ina pini tatu na soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi.
(c) Kompyuta na kadi vimezimwa kabisa kabla ya kuchomeka au kuchomoa kiunganishi cha M.2, mini PCIe au ExpressCard. Kufanya hivyo vikiwa vimewashwa kunaweza kuviharibu vyote viwili.
(d) Kadi iliyo wazi mezani imewekwa mbali na watoto, maji, vumbi na vitu vya chuma. Feni zake huzunguka kwa kasi na sehemu zake hupata moto.
(e) Pale ambapo umeme hukatika au kuyumba mara kwa mara, pana kifaa cha kulinda dhidi ya mabadiliko ya umeme.

6. Kununua kadi iliyotumika

Kadi nyingi zilizotumika zilifanya kazi usiku na mchana katika uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Mnamo Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi hizo, na kadi nyingi zikaingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zinaweza kuwa zimechoka. Muuzaji anapaswa kusema ukweli anapoulizwa.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Kadi ya zamani huandikiwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni ya modeli mpya. Jina linaloonekana kwenye skrini huwa zuri, nguvu huwa haipo. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kutambua nyingi za kadi hizi na kuziwekea neno FAKE mbele ya jina. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye kompyuta ya mezani dukani, aifungue programu hiyo mbele yako, kisha aendeshe mchezo kwa angalau dakika 20. Tazama kama picha zina madoa au mistari, na sikiliza feni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukupa jibu.

7. Haki zako na namna ya kuzilinda

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mlaji anapomweleza mfanyabiashara matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake, msimamo wake katika madai huwa na nguvu zaidi.

Kwa hiyo, usiseme tu “Nataka kadi.” Sema: “Nataka kadi na kiunganishi vitakavyofanya kazi kwenye kompyuta hii, modeli hii.” Dai risiti ya EFD, na uombe iandikwe au iambatane na karatasi yenye modeli ya kadi, ukubwa wa kumbukumbu yake, namba yake ya utambulisho, na muda wa waranti. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Tatizo likitokea, acha kutumia kifaa, piga picha, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, na uandike malalamiko yako kwa tarehe. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko hayo Tume ya Ushindani pamoja na nakala za vielelezo. Kumbuka pia kuwa kufungua mfuniko wa kompyuta kunaweza kuathiri waranti yake, ikiwa bado ipo. Soma masharti kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta yangu ina njia ipi kati ya nne zilizotajwa, na nimeithibitisha wapi?
2. Prosesa na RAM yangu vinakidhi mahitaji ya chini ya mchezo ninaoutaka?
3. Jumla ya gharama zote ni kiasi gani, na ni sehemu gani ya gharama hiyo isiyoweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine?
4. Pawasaplai inakubali volti 230?
5. Kadi imejaribiwa mbele yangu, na risiti inaitaja kwa modeli?

Mlaji atakayeweza kuyajibu maswali haya matano kwa uhakika anaweza kununua. Atakayeshindwa hata moja, arudi nyumbani na fedha yake, akatafute jibu. Wahenga walisema rahisi ghali. Na katika biashara ya vifaa hivi, kilicho ghali zaidi ni kile ulichokinunua bila kujua kama kitachomekwa.